Sikio la Mashavu

—hajafa, muongo mkubwa wewe, hajafa!

Ndivyo Siwema alivyoipigia kelele redio koli yake asubuhi ile, mswaki mkononi, povu linamdondokea kwenye kanga. Na hakuna aliyemwelewa. Kusikia walisikia, mji mzima ulisikia, ila walichosikia ni bata aliyebanwa na mlango. Maana sauti ya Siwema, kama sauti ya kila mtu mjini, ilikuwa imeshatiwa mkorogo. Aliyesikika vizuri alikuwa mmoja tu, Bwana Masafa wa Kileleni, na Bwana Masafa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kutangaza, kwa ile sauti yake ya asali iliyochacha, kwamba Mashavu wa Kilima cha Chemchemi hajaitika, kwa hiyo ni marehemu, kwa hiyo jina lake liko wazi, na mchana huu huu atapewa mjukuu wa Bwana Masafa aliyezaliwa juzi. Ova.

Na Mashavu ni nani? Ni dada mkubwa wa mama yake Siwema, aliyemlea tangu hajaota meno. Mama Mkubwa. Huyo ndiye aliyekufa redioni.

Niuseme kwanza mji wenyewe, la sivyo nitapasuka. Ulikuwa mji wa ukungu. Si ule ukungu wa asubuhi unaokimbia jua likikohoa. Huu ulikaa, ukazaa, ukapata na wajukuu. Ukinyoosha mkono, kiganja unakiaga. Hakuna aliyejua uso wa jirani yake, na wengine hata wa mume walikuwa wanaupapasa tu wakatosheka. Kwa hiyo mtu alikuwa sauti. Ukichoka, sauti ikakwaruza, unaamkiwa shikamoo na watu waliokuzidi umri. Ukifurahi unarudi mtoto, unatumwa chumvi. Siwema mwenyewe alishawahi kuwa bibi kizee kwa sababu ya mafua, na kila alikokwenda alipishwa kiti. Wakati nao haukuwa na adabu. Sauti zilikuwa zinanasa kwenye ukungu kama nguo kwenye miiba, zinakaa weee, halafu siku moja zinaachia. Unafungua redio umuulize mtu habari za mvua, unakutana na wewe mwenyewe wa zamani, unalia umemwaga maziwa. Utamjibu nini? Unamwambia usilie, mwanangu. Na papo hapo unakumbuka kwamba kweli, siku ile ya maziwa, kuna sauti ya mtu mzima ilitoka kusikojulikana ikakuambia usilie.

Mji kama huo unahitaji kitu cha kushikilia, na walichokuwa nacho ni Kuitana. Kila asubuhi, kilima hadi kilima, kila mtu anabonyeza redio yake anataja jina, anasema nipo. Basi. Kombo wa Juu, nipo, ova. Tabu wa Mteremkoni, nipo, na mgongo unanila, ova. Asiyeitika anaitwa. Akiitwa asiitike mpaka Kuitana kukazunguka kukarudi kulikoanzia, huyo amekufa, na jina lake linarudi kwa watu, anapewa mtoto mchanga. Jina likienda linakwenda na vyake vyote: nyumba, shamba, na maji kama alikuwa na maji. Mwenyewe akitokea baadaye kachelewa. Hana jina. Utamkaribishaje ndani mtu ambaye huna neno la kumwitia mlangoni? Ulikuwa utaratibu mkali, sikatai, lakini ulikuwa wa haki kwa sababu moja tu: kila mtu alikuwa anamsikia kila mtu.

Halafu wakubwa wa Kileleni wakagundua hatari.

"Tunasikilizwa," Bwana Masafa akasema.

Na nani? Na wageni. Wageni gani hao, kwenye ukungu wote huu, mbona hatujamwona hata mmoja? "Ndiyo mjue walivyo hatari," akasema. "Hata hawaonekani."

Wasikilize nini, Mungu wangu? Nani kajifungua? Maharagwe ya nani yameshika chini ya sufuria? Lakini ukimwambia mtu kwamba anasikilizwa anaanza kujiona ana la maana, na watu wakapenda. Wakaleta redio zao Kileleni, zile redio za kale, nzito kama tofali, zilizotengenezwa enzi ambazo mtu akisema kitu alikuwa anataka kisikike. Na aliyepewa kazi ya kuzifungua ni Siwema, katoka chuoni juzi, cheti bado kinanuka wino, furaha haimkai mwilini.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Unafungua kifuniko, unakata njia ya sauti inapotoka kwenye kipaza, na pale ulipokata unalehemu kijibodi kidogo kama ukucha wa dole gumba. Kijibodi kinapindua sauti: nene inapanda, nyembamba inazama, neno linatoka limesimama kwa kichwa. Watu wakakiita mkorogo, kwa sababu kinaifanya sauti kile ambacho mkorogo wa dukani unaufanya uso, unaingia na wako unatoka na wa mtu usiyemjua. Sasa, kwa yule anayesikiliza, karibu na spika, unaweka kijibodi kingine kama hicho, nacho kinapindua kilichopinduliwa, neno linasimama tena kwa miguu. Kimoja mdomoni, kimoja sikioni. Hata anayejifunza kuhesabu vidole ataelewa.

Ila mji ule sikio la mtu lilikuwa haliguswi. Kipaza ni mdomo, na mdomo ni wa watu. Lakini upande wa spika ni sikio, na sikio ni la mwenyewe, ni ndani kwake, ni nguo yake ya mwisho. Fundi angeweza kukurekebishia mdomo hadharani, sokoni, mnacheka. Sikio likiharibika ulikuwa unakaa nalo hivyo hivyo.

"Mheshimiwa," Siwema akamwambia Bwana Masafa, "tukivisha midomo tukaacha masikio, hakuna atakayemwelewa mwenzake."

"Umesoma wapi wewe?"

"Chuo."

"Na huko chuoni hawakufundisha mila? Unataka nikutume ukawavue nguo wazee?"

"Basi bora tuache kabisa."

"Masikio ni awamu ya pili." Akasukuma redio yake mwenyewe mezani. "Na hii yangu, mdomo uache kama ulivyo. Weka kwenye sikio."

"Na mila, Mheshimiwa?"

"Sikio langu ni la umma."

Akalehemu. Ndiyo, Siwema huyu huyu, akalehemu, redio moja baada ya nyingine, midomo ya mji mzima, na kila aliyomaliza ikapigwa lakiri nyekundu, na atakayeivunja lakiri adhabu yake ni kuondolewa kwenye Kuitana. Awamu ya pili mnaijua. Awamu ya pili ni mjukuu wa kesho kutwa, hazaliwi.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo kila mtu akabonyeza, akasema nipo, akaachia, akasikiliza. Bata. Kilima kwa kilima, bata. Halafu ikaja sauti moja safi, laini, imenyooka: "Nimewasikia wote, wananchi. Kombo yupo. Tabu yupo. Ahsanteni kwa kuitika, ova." Na unajua kilichowafanya wasiseme kitu? Aibu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kila mmoja alidhani redio za wenzake zinasikia vizuri, ni sikio lake tu lenye kasoro, na kasoro ya sikio mtu haitangazi. Wakakaa vyumbani mwao, mji mzima, kila mtu kiziwi wa siri, kila mtu anaitikia kelele asizozielewa kwa sauti ya furaha. Na kwa kuwa wote walikuwa wanasikia kutoka kwa Bwana Masafa kwamba wapo, wakashukuru. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mtu anakuibia sikio lako, halafu anakuazima lake kwa dakika moja asubuhi, na wewe unasema ahsante.

Basi asubuhi ile ya mswaki Siwema akatema povu, akatia mfukoni bisibisi, koleo na chuma cha kulehemu, akaifunga redio yake kiunoni kwa kanga, akaishika kamba. Kutoka kilima hadi kilima kulikuwa na kamba ya katani ya kupapasia njia, siku hizi nyembamba, maana hakuna aliyekuwa akitembea tena. Akaenda nayo mkono kwa mkono. Na kichwani:

Hajafa. Nilimwacha anapepeta. Mtu hafi huku anapepeta. Nani kaniambia nilehemu? Yeye. Nani kalehemu? Mimi. Mkono wa nani? Kama mtu ni sauti, na sauti imepinduliwa, mtu yuko wapi? Yuko chini ya neno au juu yake? Chemchemi. Anaitaka chemchemi, alimtuma mtu aombe kupitisha bomba, Mama Mkubwa akamwambia bomba apitishe puani kwake. Kwa hiyo kamuua. Kwa neno moja tu, hajaitika. Silaha gani nyepesi hivyo? Haina damu, haina alama, unasema sijamsikia na mtu anaanza kuoza akiwa ameshika ungo. Nitamng'oa meno. Nitamlehemu midomo. Mungu wangu, kamba hii imefika wapi, huu ni mwaka gani?

Katikati ya njia ukungu ukamwachia sauti ya msichana anayecheka, anasema nimefaulu, Mama Mkubwa, nimefaulu. Alikuwa ni yeye. Akampita bila kumsalimia.

Nyumbani kwa Mashavu jiko lilikuwa linawaka, na penye moto ukungu hurudi nyuma hatua kidogo, kwa hiyo Siwema akamwona: mwanamke mpana, kanga kiunoni, ungo mapajani, maharagwe yanaruka na kutua, anatukana kwa mpangilio.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Umesikia?"

"Mimi si kiziwi. Nimesikia nimekufa. Nikaitika nipo, nikaitika tena, nikaita mpaka koo likawaka. Yule mbwa akasema tuzidi kumwombea." Akapuliza makapi. "Si wewe uliyenitia hilo dude?"

"Ni mimi."

"Chuo kizima, mwanangu. Chuo kizima ukasomea bata."

Siwema akalia kidogo, na Mama Mashavu akamwacha alie kwa sababu alistahili. Kisha akamwambia afute pua na aseme linalofanyika, maana mchana hauko mbali.

"Nikivunja lakiri nikatoa mkorogo mdomoni," Siwema akasema, "ukisema utasikika mji mzima. Masikio yao yako wazi. Lakini wewe utaendelea kutowasikia."

"Na ukiuhamisha? Ukauweka sikioni?"

Siwema akairudisha bisibisi mfukoni. Hata yeye, na chuo chake, mwili ulimsisimka. "Utakuwa kama yeye. Utasema wazi, na utawasikia wote. Lakini Mama Mkubwa, siwezi kukufungua sikio. Wewe ni mama yangu."

"Nani anafungua sikio la mtu?"

"Hakuna."

"Fikiri."

Kweli kulikuwa na mmoja. Mwosha maiti. Mtu akishakufa, kabla hajazikwa, redio yake hufunguliwa upande wa sikio, na ndugu wa karibu, ili sauti zilizobaki humo zitoke zisije zikazikwa na mtu ambaye si wao.

"Basi," Mama Mashavu akasema, na akaweka ungo chini kama anayeketi kunyolewa. "Mimi si marehemu? Si wamesema wenyewe? Nioshe. Maiti haina aibu. Na hiyo lakiri vunja tu, atanitoa kwenye Kuitana mara ngapi?"

Akacheka kicheko kibaya. Siwema akakichomeka chuma kwenye makaa, kikaiva, akavunja lakiri, akatoa mkorogo mdomoni, akaunganisha waya uliokatwa. Halafu akafungua upande wa pili. Akafumba macho, akakumbuka kwamba huwezi kulehemu umefumba macho, akafumbua. Mama Mashavu alikuwa amegeuza uso ukutani. Moshi wa risasi ya kulehemu ukapanda. Kifuniko kikarudi.

Wakawasha.

Sijui niwaambieje. Mnajua mtu anapotoka majini, masikio yanazibuka ghafla, na dunia inarudi yote pamoja? Bata wote wakawa watu. Na hawakuwa wanasema nipo. Wangekuwa wanasema nipo ningevumilia. Walikuwa wanauliza. Mnanisikia? Kuna mtu ananisikia? Kombo wa Juu alikuwa anahesabu kwa sauti, anahesabu tu, ili asikie kitu chenye mpangilio. Kuna mwanamke alikuwa anaimba bembelezi, hakuna mtoto nyuma yake. Kuna mzee alikuwa anamsamehe mtu kwa makosa ambayo hakuyataja, ova, nakusamehe, ova. Na walikuwemo waliokwisha kutangazwa, ambao Siwema alishawalia, ambao majina yao yalikuwa yameshavaliwa na watoto wanaotambaa: bado wanaita, wamesahau hata wanachoitwa, wanasema tu mimi, mimi hapa, mimi wa kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Mji mzima ulikuwa uchi redioni, na Bwana Masafa alikuwa anausikiliza kila siku, anakunywa chai.

Hapo redio ya kiunoni kwa Siwema, ambayo sikio lake lilikuwa la kawaida, ikatoa sauti ya asali.

"Wananchi, tumekusanyika Kileleni. Jina Mashavu liko wazi. Mama wa mtoto, mlete mtoto."

Mama Mashavu akabonyeza.

"Mashavu wa Kilima cha Chemchemi. Nipo. Huyo mtoto mwacheni apewe jina la babu yake, kama babu yake haoni aibu. Ova."

Bata wote kimya. Halafu Bwana Masafa, kwa wasiwasi kidogo: "Nani huyo analia kama bata? Wananchi, kuna mtu ana hitilafu."

Siwema ndiye aliyeelewa kwanza, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sikio la Bwana Masafa lilikuwa na mkorogo. Linapindua kila kinachoingia. Maneno yaliyosemwa wima, kwake yalifika miguu juu. Katika mji mzima yeye peke yake, mwenye sikio la umma, ndiye ambaye hakuelewa alichoambiwa. Na Mama Mashavu naye, sasa, alikuwa hamwelewi Bwana Masafa. Kutoka kwenye spika yake mheshimiwa alikuwa anakwakwaza vizuri kabisa.

"Anasemaje huyo bata?" Mama Mashavu akauliza.

"Anauliza bata ni nani."

Na kwenye redio iliyokuwa mapajani mwa Mama Mashavu ikaja sauti ya msichana, kutoka redio yake mwenyewe, inatetemeka kwa ghadhabu. Mama wa mtoto. "Mimi simpi mwanangu jina la mtu aliye hai. Hata baba aninyonge. Mmemsikia wote, yupo. Ova." Bila sikio lile asingeeleweka na mtu yeyote ila baba yake, na mlio wa mlango uliobamizwa ukasikika nyuma yake, na mtoto akalia, na mama yake akaenda naye.

Basi jina likabaki. Nyumba ikabaki, maji yakabaki. Mngekuwepo mngeona Siwema anavyoruka, kanga inataka kudondoka. "Wataje, Mama Mkubwa, wataje," akasema, na Mama Mashavu akawataja. Namsikia Kombo, yupo. Namsikia Tabu, yupo, na mgongo bado unamla. Namsikia mwenye mlango wa buluu, yupo, na jina lake ni Sijali, kama amelisahau nimkumbushe. Kila akimtaja mtu, huko kwenye ukungu kulitoka kilio ambacho sitaki kukifananisha na kitu. Sauti ya Mama Mashavu ikapanuka. Ikaanza kupumzika katikati ya majina. Ikaanza kusema "wananchi".

Kisha: "Bi Kijoli wa Bondeni, nipo. Jamani nipo. Kuna mtu? Ova."

Kidole cha Mama Mashavu kilikuwa kinakwenda kwenye kitufe. Kikarudi. Akachukua ungo.

"Hujamtaja Bi Kijoli," Siwema akasema.

"Nani?"

"Bi Kijoli. Kaita sasa hivi."

"Sijamsikia."

"Umemsikia. Mimi nimekaa hapa hapa, nimemsikia."

"Mwanangu, yule mwanamke alisema mbele ya mji mzima kwamba maharagwe yangu hayaivi hata kwa moto wa jehanamu. Nitamtaja akishatulia."

"Akishatulia atakuwa marehemu."

"Basi amtafute mwingine wa kumsikia."

"Hakuna mwingine."

Maharagwe yakaruka, yakatua. "Eh," Mama Mashavu akasema taratibu, kama mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza na kukigeuza ulimini. "Hakuna mwingine."

Bi Kijoli akaita tena. Siwema akamtazama aliyemlea, uso ule mpana, na kwa mara ya kwanza akashukuru ukungu, maana ulianza kusogea kutoka mlangoni na kumfunika kuanzia kidevuni. Akafungua kanga, akaitoa redio yake. Yeye alikuwa hajafa. Hakuna aliyemtangaza, lakiri yake ilikuwa nzima, na adhabu ilikuwa bado inamhusu yote. Akaivunja kwa meno. Hakutafuta koleo, akaushika ule mkorogo kwa kucha akaung'oa, waya zikamchana, akaziunganisha kwa vidole, akabonyeza.

"Bi Kijoli wa Bondeni, yupo. Anayesema ni Siwema, fundi. Ung'oeni mkorogo, nyote, sasa hivi, midomoni. Ova."

Mama Mashavu alimsikia mara mbili: mara moja kwa mdomo, binti yake amesimama mbele yake, na mara moja kutoka mapajani, bata. Akainua uso akamwangalia, na akafungua kinywa.

Alichomwambia nitawaambia kesho asubuhi, mkishakunywa chai. Leo nina hasira, na maneno yale nikiyasema leo nitayapindua.